Printa Iliyosema Inaumwa Wapi

Chukua ukurasa uliotoka kwenye printa ya nukta yenye pini 9, ile inayounda herufi kwa nukta zinazopigwa na pini za chuma. Ukiona mstari mweupe mwembamba unakata kila herufi katika kimo kilekile, kutoka kushoto hadi kulia, huna haja ya kukimbilia bisibisi. Pini moja haipigi. Hesabu kuanzia juu ya herufi kubwa na utajua ni pini ya ngapi, kwa kuwa herufi kubwa kwa kawaida huchorwa na pini 7 za juu, na zile mbili za chini huachiwa mikia ya g, j, p na y pamoja na mstari unaopigwa chini ya maneno. Ukurasa ambao herufi kubwa zote ni safi lakini mikia imekatika umeshakuelekeza kwenye pini ya 8 na ya 9. Nyingine ziache.

Hilo ndilo ambalo kumbukumbu za printa na taipureta za zamani huliacha nyuma. Wanaozikumbuka husimulia kelele, harufu ya wino na vidole vilivyochafuka kila utepe ulipobadilishwa. Kelele zilikuwepo kweli, na printa mbili zikifanya kazi chumba kimoja ilibidi mtu apaze sauti ili asikike. Ila sifa yao kubwa ilikuwa nyingine. Mashine hizo zilipiga karatasi, na kwa kuwa kila pigo lilitoka kwenye kipande cha chuma kinachojulikana, kila ubovu uliacha alama yake mahali pake. Ukurasa ulikuwa kazi iliyokamilika, na papo hapo ulikuwa ripoti ya hali ya mashine. Tumepata kasi, ukimya na picha zenye rangi, lakini ripoti ile imetutoka mikononi, na naiona hasara hiyo kuwa kubwa kuliko tunavyokiri.

Turudi kwenye pini isiyopiga. Kila pini ni waya mgumu, unene wake kama theluthi ya milimita, na nyuma yake kuna koili ndogo. Umeme ukipita kwenye koili, pini hurushwa mbele, hugonga utepe, utepe hubanwa kwenye karatasi, kisha springi huirudisha pini nyumbani. Isipogonga, ama ncha yake imekatika, ama wino uliokauka umeigandisha, ama koili imekatika, ama transista inayoipelekea umeme kwenye bodi imekufa. Ng'oa kichwa, yaani sehemu inayobeba pini, kikiwa kimepoa, maana baada ya kurasa nyingi joto lake huunguza ngozi. Pima koili zote kwa mita ya umeme, moja baada ya nyingine, upande wa omu. Namba ya kitabuni haihitajiki, linganisha tu: nane zikisoma karibu sawa na ya tisa isisome chochote, koili hiyo imekatika. Zikisoma sawa zote, tazama ncha za pini kwa kioo cha kukuzia, kisha zisafishe kwa spiriti na brashi laini.

Hapa ndipo mafundi wengi walipoteza vichwa viwili badala ya kimoja. Koili iliyoungua haikuungua bure. Transista ikishoti, umeme hupita kwenye koili bila kukatwa, na koili imetengenezwa ivumilie umeme kwa kipande kidogo sana cha sekunde kwa kila pigo. Ukifunga kichwa kipya bila kupima transista ya pini ile, kichwa kipya kitaungua kama kile cha kwanza, tena pini ileile.

Pini nazo hazikatiki zenyewe. Mkosaji wa mara kwa mara ni utepe uliochakaa. Nailoni ikianza kutoa nyuzi, ncha ya pini hunasa kwenye uzi wakati kichwa kinakwenda upande, nayo hupinda au kuvunjika. Wino wa utepe wenyewe pia ni kilainishi cha pini, kwa hiyo aliyejaza upya utepe mkavu kwa wino wa mihuri aliokoa pesa kidogo akauza kichwa kizima. Wino wa mihuri hukauka ndani ya matundu ya pini. Wa utepe una mafuta, na haukusudiwi kukauka.

Ukurasa uliofifia ulisomwa hivyohivyo. Maandishi yakififia polepole kwa wiki kadhaa, ukurasa mzima, utepe umekwisha. Yakiwa meusi upande wa kushoto na hafifu upande wa kulia, reli inayobeba kichwa haiko sambamba na rola iliyo nyuma ya karatasi, na utepe mpya hautasaidia kitu. Yakififia sehemu ya juu ya herufi tu au ya chini tu, chunguza utepe umekaaje mbele ya kichwa, maana ukipanda au kushuka kidogo pini za pembeni hupiga penye wino haba au pasipo na utepe kabisa. Na mistari ya wima ya jedwali ikitoka kama meno ya msumeno, kichwa kinapokwenda na kinaporudi hakikutani mahali pamoja. Iamuru printa ichape ikienda upande mmoja tu. Jedwali likinyooka, rekebisha ulinganifu wa pande mbili. Lisiponyooka, mkanda unaovuta kichwa umelegea.

Kisha kulikuwa na kile kiwenzo kidogo cha pembeni chenye namba, ambacho watumiaji wengi hawakuwahi kukigusa. Kilikuwa cha kupanga umbali kati ya kichwa na rola. Karatasi moja huhitaji nafasi ndogo, fomu ya nakala nne huhitaji nafasi kubwa zaidi. Kikiachwa kwenye nafasi ndogo huku fomu nene ikipita, utepe hupakaza wino kwenye karatasi na pini hubanwa kwenye karatasi. Kikiachwa kwenye nafasi kubwa, nakala ya mwisho hutoka tupu. Fundi akiletewa printa yenye malalamiko kwamba nakala ya nne haisomeki, alianza na kiwenzo hicho kabla ya jambo jingine lolote.

Nakala hizo ndizo zinazofanya pigo liendelee kuishi. Karatasi ya kaboni, na karatasi inayojinakili bila kaboni ambayo kampuni ya NCR ya Marekani iliitoa mwaka 1954, hufanya kazi kwa kugandamizwa. Printa ya leza haigandamizi kwa namna hiyo, na wino unaorushwa haugandamizi kabisa. Anayetaka fomu ya tabaka tatu ambamo nakala zote zimetokana na tendo moja, kiasi kwamba hakuna anayeweza kubadili namba kwenye nakala yake bila kutofautiana na wengine, bado anahitaji chuma kinachogonga. Kuchapa kurasa tatu kwenye leza hakutoi uhakika uleule, kwa sababu ukurasa wa pili unaweza kurekebishwa kabla ya kuchapwa.

Taipureta ilikuwa mwalimu wa haya yote, ingawa haikuanza ikiwa wazi. Ile ya Sholes na Glidden, iliyotengenezwa na Remington na kuingia sokoni mwaka 1874, iliandika herufi kubwa tu, na mikono yake ya herufi ilipiga kutokea chini ya rola. Mchapaji hakuyaona aliyoandika mpaka kigari, kile kinachobeba rola na karatasi, kiinuliwe, au mpaka mistari michache ipite. Kitufe cha herufi kubwa na ndogo kilikuja na Remington No. 2 mwaka 1878. Ila mashine zilizotawala meza za ofisi baadaye, na Underwood No. 5 ya mwaka 1900 ndiyo maarufu kuliko zote, zilikuwa zile zilizopiga kutokea mbele, ukayaona maandishi yakizaliwa. Soko lilipopewa nafasi ya kuchagua, lilichagua mashine isiyoficha kazi yake. Ni jambo la kukumbukwa katika mjadala wa printa za leo.

Ndani ya taipureta kuna springi kubwa iliyojikunja kwenye kasha, inayovuta kigari kwenda kushoto kwa utepe wa kitambaa au waya. Kinachozuia kigari kisikimbie moja kwa moja ni gurudumu la meno na ndimi mbili. Kila kitufe kikibonyezwa, ulimi mmoja huachia na mwingine hudaka, na kigari husonga jino moja. Kwa mwandiko wa paika, herufi 10 kwa inchi, hatua hiyo ni milimita 2.54. Kwa elite, herufi 12 kwa inchi, ni milimita 2.12 hivi. Sasa soma ukurasa. Herufi zikipandana, kigari hakisogei kwa wakati: reli chafu, springi iliyolegea, au utepe wa kuvutia unaokwaruza mahali. Safisha reli kwanza, na ongeza mzunguko wa springi mwishoni, nusu mzunguko kwa nusu, maana springi iliyokazwa kupita kiasi huzaa ugonjwa wa pili, yaani herufi kurukaruka na kuacha mapengo. Mapengo yakiwepo na springi haijaguswa, ndimi zimechakaa.

Herufi kubwa zikikaa juu au chini ya mstari wa herufi ndogo, tatizo ni skrubu mbili za kikomo, moja ya nafasi ya juu na moja ya chini. Kaza kidogo, chapa HhHhHh, tazama, kaza tena. Herufi moja ikiinama peke yake, mkono wake umepinda, mara nyingi kwa sababu vitufe viwili vilibonyezwa pamoja, mikono ikakwamana na mtu akaing'oa kwa hasira.

Mkono mzito usiorudi haraka ndio ugonjwa uliosumbua zaidi, na tiba yake ndiyo iliyoharibiwa zaidi. Mikono yote hupita kwenye kitako cha chuma chenye mianya myembamba. Uchafu ukiingia humo, mtu wa kawaida hutafuta kopo la mafuta. Siku ya kwanza mashine huteleza vizuri mno, naye hufurahi. Baada ya majuma machache mafuta yamekusanya vumbi na unga wa raba ya kufutia, yamekuwa gundi, na sasa mikono kumi imekwama badala ya mmoja. Mianya ile husafishwa kwa spiriti na mswaki, mkono ukichezwachezwa hadi uchafu utoke, kisha huachwa mikavu. Mafuta, tone moja kwenye ncha ya sindano, ni ya reli za kigari, basi. Wachapaji waliofundishwa vizuri waliuzuia ugonjwa huo mapema: kabla ya kufuta kosa, walisukuma kigari hadi pembeni kabisa ili unga wa raba uanguke nje ya mashine.

Hata utepe ulikuwa na siri yake. Una upana wa nusu inchi, na karibu na kila mwisho wake, kwenye mashine nyingi, kuna kipete cha chuma. Kipete kikifika kwenye uma mdogo ulio mbele ya spuli, huusukuma, na mwelekeo wa utepe hubadilika. Aliyenunua utepe usio na kipete akaona herufi zinafifia hadi kupotea alidhani amepunjwa wino, kumbe utepe umefika mwisho na pigo linarudia palepale mpaka kitambaa kitoboke. Na kile kiwenzo cha rangi, chenye alama nyeusi, nyekundu na nyeupe, nafasi yake nyeupe huondoa utepe njiani kabisa. Hiyo ilikuwa ya kukata stensili, karatasi yenye nta ya kutolea nakala. Herufi tupu ya chuma ilipiga nta, ikaacha njia ya wino, na kutoka stensili moja zikapatikana nakala mamia. Herufi o iliyopigwa kwa nguvu mno ilidondosha kiini chake, na nakala zote zikatoka na doa jeusi badala ya duara. Hapo ukurasa ulikuwa umeanza kumsoma mpaka mchapaji.

Selectric ya IBM, iliyotoka mwaka 1961, iliondoa mikono yote na kuweka mpira mmoja wenye herufi 88, nusu 44 na nusu 44. Kila nusu ina safu 4 za herufi 11. Mpira huinama kuchagua safu na huzunguka kuchagua herufi, huku rola ikibaki mahali pake. Mashine tata, lakini bado ilisema ukweli: ukibonyeza herufi ikatoka nyingine ya safu ileile, mzunguko ndio umekosea. Ikitoka ya safu tofauti, mwinamo ndio umekosea. Printa za gurudumu la petali, kila petali ikibeba herufi yake, zilizofuata miaka ya 1970, zilikuwa na kasoro iliyo wazi kuliko zote. Petali moja ikivunjika, herufi moja inatoweka katika barua nzima, na dawa ni gurudumu jipya linaloingia kwa vidole.

Wahandisi wa printa kubwa za mistari, zilizochapa mstari mzima kwa mkupuo, walikwenda mbali zaidi, wakachagua kasoro ipi jicho la mtu litaisamehe. Kwenye printa za dramu, herufi zilichongwa juu ya pipa linalozunguka kwa kasi kutoka juu kwenda chini, na nyundo zilipiga karatasi herufi ilipopita. Nyundo ikichelewa kidogo tu, herufi ilipanda au kushuka, na mstari mzima ukawa kama wimbi. IBM 1403 ya mwaka 1959, katika muundo wake wa herufi 132 kwa mstari na mistari 600 kwa dakika, ilitumia mnyororo wa herufi unaokwenda upande. Nyundo iliyochelewa ilisogeza herufi kushoto au kulia. Kosa la muda lilikuwa lilelile, lakini jicho halijali sana mapengo yasiyolingana, wakati mstari uliopinda huudhi mara moja. Ninauhesabu uamuzi huo kati ya yale bora kabisa katika historia ya uchapaji, na ulifikiwa kwa kutazama karatasi.

Alama za zama hizo bado zimo kwenye kompyuta tunazotumia. Teletype Model 33 ya mwaka 1963, mashine ya kuchapa maandishi yaliyotumwa kwa waya, iliandika herufi 10 kwa sekunde. Kichwa chake kikitoka mwisho wa mstari hakikuweza kufika mwanzo ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, kwa hiyo kurudi mwanzo na kushuka mstari zilibaki amri mbili, namba 13 na namba 10 katika ASCII, msimbo unaozipa herufi na amri namba zake, na ile ya pili iliipa ya kwanza muda wa kumaliza safari. Windows bado huandika zote mbili mwisho wa mstari, mifumo ya kompyuta ya Unix na jamaa zake huandika ya 10 peke yake. Ukitaka kuona tofauti kwa macho, peleka faili la Unix moja kwa moja kwenye printa ya nukta: maandishi hushuka kama ngazi hadi yaishie ukingoni kulia. Printa ikipokea 13 peke yake, mistari yote huandikwa mmoja juu ya mwingine mpaka karatasi ichanike. Na mistari ikiachana mara mbili, kompyuta na printa zote zinashusha, kwa hiyo zima swichi ndogo ya printa inayoongeza kushuka yenyewe.

Maandishi yanayohama kidogo kidogo kwenye karatasi ya mfululizo, kila ukurasa zaidi ya uliotangulia, nayo ni hesabu tu. Kwa mistari 6 kwa inchi, karatasi ya inchi 11 ni mistari 66, ya inchi 12 ni mistari 72. Programu iliyowekewa 66 ikilishwa karatasi ya inchi 12 itapanda inchi nzima kila ukurasa, na meno yanayovuta karatasi hayana kosa lolote.

Siwezi kusema kwamba leza ilikuja ikiwa bubu. LaserJet ya HP ya mwaka 1984, yenye nukta 300 kwa inchi na kurasa 8 kwa dakika, ilileta usafi ambao pini hazikuweza kuufikia, na ukurasa wake bado unasomeka kwa anayejua. Doa linalojirudia kwenye ukurasa pima umbali wake kwa rula. Umbali huo ni mzingo wa kitu kinachozunguka: milimita 75 hivi huashiria dramu, silinda inayopokea picha, yenye kipenyo cha milimita 24, milimita 94 hivi huashiria ya milimita 30, na umbali mfupi zaidi huelekeza kwenye rola ndogo. Tona, yaani unga wa wino, inayofutika kwa kidole ni joto pungufu kwenye rola ya kuunguzia. Mantiki ni ileile ya pini na ndimi.

Kilichovunja utamaduni huo ni mashine kukataa kuchapa kwa sababu isiyoonekana kwenye karatasi. Printa nyingi za wino hukusanya wino wa kusafishia kwenye sponji chini ya mashine, na programu huhesabu kiasi kinachoingia humo. Hesabu ikifika kikomo, printa husimama, hata kama kurasa zake ni safi. Katriji yenye chipu hukataliwa ingali na wino. Wino mwingi huishia kwenye usafishaji wenyewe, kwa sababu matundu ya wino huziba mashine isipotumika kwa majuma, kisha mtumiaji huambiwa asafishe tena na tena. Tahadhari ya sponji ina sababu, kwani wino ukifurika humwagika mezani. Lakini sponji ni kipande cha kubadilishwa na hesabu ni namba ya kurudishwa sifuri. Mtengenezaji anayeuza printa bila njia ya wazi ya kufanya yote mawili ameuza mashine yenye tarehe ya kufa, na mnunuzi ana haki ya kuambiwa hivyo kabla ya kulipa.

Kwa aliye na taipureta au printa ya nukta kabatini, kuiweka vizuri hakuhitaji mengi. Kwenye taipureta, vuta wenzo wa kuachia karatasi ili vigurudumu vya mpira visikandamizwe kwenye rola na kuwa bapa upande mmoja, kisha weka kigari katikati. Kwenye printa, toa utepe uufunge kwenye plastiki, na uache kile kiwenzo cha umbali kwenye nafasi kubwa. Kabla ya kuifunika, chapa ukurasa wa majaribio. Kwenye printa nyingi za nukta ni kushikilia kitufe cha kusogeza mstari wakati wa kuwasha, na kwenye taipureta ni herufi zote, ndogo kisha kubwa, kwenye mstari mmoja mmoja. Andika tarehe juu yake na uiweke ndani ya kifuniko. Atakayeifungua baada ya miaka atachapa mwingine, ataiweka sambamba, na kabla hajagusa skrubu hata moja atajua kilichobadilika.